Vidole Saba vya Maji

Sikusoma sana. Nilifika mwaka wa nne wa primere, mwalimu akahama, shule ikafungwa, nami nikashika jembe. Kwa hiyo naandika kama nilivyo, na anayetaka maneno yaliyopigwa pasi atafute mwingine. Lakini mambo ya mashini na maji nilijifunza kwa mikono yangu, na kidole kimoja cha mkono wa kushoto kilibaki Walikale ndani ya mkanda wa mashini ya kupasulia mbao. Nililipia masomo yangu kwa njia hiyo.

Huko Walikale njo, yaani ndiko, nilipojifunza kutoamini kipimo. Nilikuwa kijana, natumika kwa tajiri mmoja wa mbao, na siku moja ikaja jenereta mpya juu ya lori. Fundi aliyeileta akaiwasha mbele yetu sote. Akatundika taa moja, ikawaka bila kutikisika. Akatoa kidude cha kupimia, akatuonyesha mshale umesimama pale pale panapotakiwa. Tajiri akafurahi, akatia sahihi, fundi akapanda lori akaenda zake. Kesho yake tukafunga misumeno miwili kwenye ile jenereta. Ikakohoa kama mwenye pumu, ikazima. Tukaiwasha tena, ikazima tena. Ilikuwa imepimwa wakati haina kazi. Hata mimi leo, mgongo wangu huu, naweza kubeba gunia lisilokuwa na kitu.

Tangu siku ile, mtu akiniambia kitu kimepimwa, namuuliza: kilipimwa kikifanya nini?

Niliporudi kwetu Masisi, kwenye mlima wetu si mbali na Kirolirwe, nilitengeneza gurudumu la maji kwa mbao na vyuma vya baiskeli kuukuu. Lilikuwa linatia moto, yaani chaji, kwenye telefone za watu. Walicheka mwanzoni, halafu wakapanga mstari. Gurudumu hilo lilikufa miaka tuliyokimbia vita. Tuliporudi tukakuta watu wamelipasua kuwa kuni. Sikulia. Lakini kila mtu alijua ni nani aliyelijenga, na njo sababu, proje ya maji ilipokuja, nilichaguliwa kuwa mkubwa wa komite bila mtu mwingine kuinua mkono.

Proje yenyewe ilikuwa hivi. Shirika moja la kanisa kutoka mjini lilitaka kuweka turbini kwenye kijito chetu, ili materinite, nyumba ya kuzalishia, ipate umeme. Akina mama wetu walikuwa wanazaa kwa mwanga wa telefone, muzalishaji ameishika kwa meno. Na kama maji yangetosha, turbini ingekuwa kubwa, ingezungusha pia mashini ya kusaga muhogo. Hiyo mashini ya kusaga njo niliyoitaka mimi. Sitaficha. Mke wangu alikuwa anabeba kikapu cha muhogo mkavu kwa mkaba, mshipi wa kichwani, saa mbili kushuka mpaka kwenye mashini ya mazutu, ya dizeli, saa tatu kupanda na unga. Na mimi nilitaka watu waseme: kwanza alileta gurudumu, sasa ameleta unga.

Injeniere wao alikuwa mwanamke. Nilitazama viatu vyake kwanza. Alivaa buti za mpira zilizotoboka, akavuka kijito mahali pale pale ambapo mimi ningevuka, hapo nikamheshimu kidogo. Alibeba ubao wenye pengo katikati, tukaupigilia kukingama kijito, maji yote yakalazimika kupita kwenye lile pengo. Akasimamisha rula pembeni, akasoma urefu wa maji, akaandika.

Halafu akatoa karatasi kubwa yenye mistari. Mstari wa buluu ulikuwa mambo anayotazamia, mwezi kwa mwezi, kuanzia mvua mpaka kati ya kiangazi. Misalaba ya kalamu ya risasi ingekuwa mambo atakayoyakuta kweli. Chini kulikuwa na mstari mwekundu. Misalaba ikishuka chini ya ule mwekundu, mashini ya kusaga inatoka kwenye mpango, turbini inakuwa ndogo. Aliniambia kwamba mashini kama hii ina vitu vingi vya kupima, lakini kuna kimoja ambacho kikianguka, vyote vinaanguka nacho, nacho ni debi, yaani wingi wa maji yanayopita. Hicho angekifuata kila mwezi mpaka siku ya kuagiza turbini.

Nikamuuliza kwa nini asipime mara moja akamaliza, maana karatasi ni karatasi.

"Papa, mutoto wa materinite hapimwe kilo siku moja tu," akasema. "Anapimwa kila mwezi, na fishi yake ya kilo iko na mustari. Ukiona anashuka, hungojee agonjwe."

Jibu lilikuwa zuri. Majibu mazuri pia siyaamini haraka. Siku hiyo hiyo nikakata fimbo ya mkalitusi, nikaichora alama kwa kisu, kila alama upana wa kidole changu. Yeye alikuwa na rula yake, mimi na fimbo yangu. Mstari wake mwekundu, kwa fimbo yangu, ulikuwa vidole vitano.

Kabla ya ujio wake wa kwanza nilikuwa nimesimama kanisani wakati wa matangazo. Kwetu, tangu wazee wa wazee, siku mgeni wa heshima anapokuja, maji ya juu hayaguswi. Hakuna anayeloweka muhogo, hakuna anayeingiza ng'ombe mtoni, mpaka mgeni amekunywa na kuondoka. Nikawakumbusha hilo, kwa sauti yangu ninayoitumia nikiamuru. Nikakaa. Sikulifikiria tena.

Miezi ikaenda. Mwezi wa nne, mvua ikiwa bado inapiga, maji yalipita kwenye pengo vidole nane. Mwezi wa tano, saba na nusu. Mwezi wa sita, saba. Karatasi yake ilisema itakuwa hivyo, ikawa hivyo, misalaba imekaa kwenye mstari wa buluu kama shanga kwenye uzi. Watu wakaanza kuzungumza juu ya mahali pa kujenga nyumba ya mashini ya kusaga. Mimi nilikuwa nimeshachagua mahali, karibu na kwangu.

Kisha asubuhi moja, siku nne baada ya yeye kuondoka, nikashuka peke yangu na fimbo yangu. Ikaniambia vidole vitano. Nikafikiri nimeitumbukiza vibaya. Kesho yake, vitano. Juma lililofuata, vinne na nusu. Mwezi wa saba akarudi, nami nikatumbukiza fimbo mbele yake, kama mtu anayecheza tu. Vidole sita na nusu, na kidogo juu.

Kijito hakipandi vidole viwili bila mvua kwa sababu mwanamke wa mjini amevaa buti.

Kwanza nilishuku rula. Nikaipima kwa fimbo yangu, ilikuwa ya kweli. Nikashuku ubao, kwamba anausogeza. Nikaupigilia misumari mitatu ubavuni ili nijue kama umehama. Haukuhama hata upana wa unywele. Siku alipoketi kwangu kula maharagi, nilisema naenda kuchukua kuni, nikafungua mkoba wake nje ya mlango. Naona haya kuandika hilo lakini nililifanya. Kulikuwa na mkanda wa kupimia, kaye mbili za kuandikia, na hindi la kuchoma limefungwa kwenye gazeti. Basi nikaamua ana mtu wake huko juu. Mashini kubwa inaleta rapore kubwa, ripoti ya kujivunia, na rapore kubwa inampandisha injeniere cheo. Atatuletea turbini nene, tutapiga ngoma, na kiangazi kijacho kikifika itazima kama jenereta ya Walikale. Mama atakuwa anazaa, taa imekufa, na yeye atakuwa ameshafika mbali.

Nikamweleza mke wangu, na kwamba asubuhi ile fimbo ilikuwa imeshuka mpaka vidole vinne. Alikuwa anapepeta maharagi, hakuinua kichwa.

"Kama unaona ine, mwambie ine."

Nikamwambia mwizi haambiwi kwamba kamba imetegwa.

"Ao unaogopa mashini ya kusaga haitakuja?"

Nilichukua fimbo yangu nikatoka nje. Mwanamke huyo tumekaa pamoja miaka mingi mno, anajua pa kudunga.

Mwezi wa nane ulikuwa wa mwisho wa kupima. Injeniere alipiga telefone mwanzo wa juma: angekuja siku ya nne, achukue kipimo cha mwisho, na jioni ile ile atume barua kwa watu wanaotengeneza turbini. Baada ya hapo ukubwa haubadiliki tena. Nilimwambia mke wangu apike sombe, majani ya muhogo, kwa ajili ya mgeni, na kufika mchana mlima mzima ulikuwa umeshajua, kama kawaida yetu.

Siku ya nne, alfajiri ikiwa imeshatoa rangi, nikapanda juu. Nilipita nje ya njia, ndani ya mikalitusi, nikatokea juu ya malisho, mahali kijito kinapogawanyika. Pale wachunga ng'ombe wana mifereji yao: mmoja wa kunyweshea, mwingine unaoenda kwenye nyumba ndogo wanapotengenezea fromaje, jibini yetu. Nikachuchumaa nyuma ya matete. Nilitaka kumwona huyo mtu wake.

Hakukawia. Alikuwa mchunga ng'ombe mmoja mtu mzima, namjua tangu akiwa hana ndevu, mtu wa mizaha. Alikuja na kigogo cha mgomba begani, akakitupa kwenye mdomo wa mfereji, akaziba pembeni kwa majani na udongo, akakanyaga kwa miguu. Maji yakarudi kijitoni. Ng'ombe walikuwa wamesimama nyuma ya ukuta wa miti wakilia kwa kiu, naye anawaambia ngojeni, ngojeni. Kwenye mlima wa ng'ambo nikaona wanawake wawili wakiziba visima vyao vya kulowekea muhogo.

Nikatoka na fimbo juu. "Nani anakulipa?"

Alishtuka, akavua kofia. "Kunilipa juu ya nini, Muzee?"

"Juu ya kufunga maji."

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa wa homa. "Ni weye, Muzee."

Nikamwambia aseme tena.

"Ni weye ulisema kanisani. Maji ya mugeni haiguswe. Tangu ile siku, kila mama injeniere anakuja, tunafunga. Ng'ombe zinangojea mpaka anapanda moto, ile pikipiki yake, njo tunafungua."

"Nilisema ile siku ya kwanza."

"Haukusema imeisha."

Nikamuuliza kwa nini, miezi hiyo yote, ng'ombe wanakaa na kiu, hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kwangu kuuliza kama amri bado ipo. Akaanza kucheka, akaficha mdomo kwa kofia.

"Kukuuliza weye? Muzee, hata padri haendake kukuuliza kitu."

Nikakaa chini kwenye majani yenye umande. Nilikuwa nimemtafuta mdanganyifu kwenye mkoba wa watu. Kumbe tulipima kijito kikiwa hakina kazi. Mimi, niliyewaambia vijana wa mlima huu habari ya ile jenereta mpaka wamechoka, nilikuwa nimetundika taa moja na kuita watu washangilie.

Mchunga ng'ombe akachuchumaa kando yangu. Alinionea huruma nadhani, akanitania kidogo: akasema mimi nina vidole tisa tu, maji yakizidi hapo nitapima na nini. Sikucheka. Akaacha mzaha, akauliza kwa sauti ya chini:

"Sasa tufungue, ao tuache tu hivi?"

Nitaandika ukweli. Nilikaa pale muda wa kutosha mtu kuvuta sigara nzima. Injeniere alikuwa njiani, nilijua pikipiki yake inapanda kutoka upande wa Sake. Kufika saa tatu angetumbukiza rula, angesoma vidole sita na zaidi, angetia msalaba wa mwisho juu ya uzi wake wa shanga, na mashini ya kusaga ingekuja. Sikuhitaji kusema uongo wowote. Nilihitaji tu kunyamaza, na ng'ombe wa wengine wakae na kiu kwa saa chache zaidi. Niliona kikapu cha mke wangu. Niliona nyumba ya mashini karibu na kwangu, na watu wamepanga mstari tena. Kisha nikaona yule muzalishaji na telefone yake kwenye meno, kati ya kiangazi, turbini nene imesimama haizunguki kwa sababu maji yamekwenda kwa ng'ombe kama yanavyokwenda kila siku.

"Fungua," nikamwambia. "Na uwaambie wale wa ng'ambo wafungue."

Nilishuka. Maji yanashuka mlima haraka kuliko mzee. Nilipofika kwenye ubao, pengo lilikuwa limeshapungua. Injeniere alikuwa ameinama juu ya rula. Akasoma, akafuta miwani, akasoma tena. Vidole vinne.

Nikamweleza yote. Kanisa, mgeni, ng'ombe, mkoba pia. Nilieleza nikiwa nimesimama, maana sijui kuomba radhi nikiwa nimekaa. Nilipomaliza akafungua kaye yake, akanionyesha ukurasa. Kando ya msalaba wa mwezi wa sita kulikuwa na alama ya kuuliza. Kando ya wa saba, mbili.

"Maji ya kweli haitembeake ku mustari hivi, Papa," akasema. "Inapanda, inashuka, inakudanganya. Hii yako ilikuwa na adabu sana. Nilifikiri ni weye unafunga kitu kule juu, juu ya vile unataka mashini ya kusaga."

"Mimi?"

"Niliona misumari yako mu ubao. Nikajiuliza, mutu mwenye anapiga misumari ku kipimo ya wengine, anatafuta nini?"

Basi tulikuwa tumechunguzana miezi miwili, kila mmoja akingoja kumkamata mwenzake, naye anakula maharagi kwangu. Na kati yetu, aliyekuwa karibu zaidi na ukweli ni yeye.

Aliketi kwenye jiwe. Kisha akaniuliza kama, kwa sauti yangu ile ile, ningeweza kuwaamuru watu wafunge mifereji siku zote, ili turbini kubwa ipate maji yake. Niliona hakuuliza kunitega. Alikuwa anatafuta mlango.

"Siku moja wataniogopa," nikamwambia. "Mwaka mzima, ng'ombe hataniogopa."

Akatia msalaba wa mwisho. Ukaangukia chini ya mstari mwekundu, peke yake, mbali na wenzake. Akachora mduara juu ya ile mingine yote, akaandika kwamba haifai. Siku zilizofuata akalala kwetu siku tano, jambo ambalo hakulipanga, akapima asubuhi, mchana na jioni, watu wakitumia maji yao kama kawaida. Vinne, vinne na robo, vinne. Barua ya turbini ndogo ikaondoka.

Kwenye komite hapakuwa na raha. Nilisema mwenyewe mbele ya watu kilichotokea, na kwa nini hakuna mashini ya kusaga. Mama mmoja akasimama, mwenye mtoto mgongoni, akasema bila kunitazama kwamba mzee mwenye maneno mengi namna hii angeweza kunyamaza siku moja tu. Wengine wakaitikia kwa koo. Mchunga ng'ombe peke yake njo aliyenitetea, akasema ng'ombe zake zinanishukuru, watu wakacheka, na kicheko hicho hakikunisaidia.

Kesho yake mke wangu alipakia muhogo kwenye kikapu, akaweka mkaba kwenye paji la uso. Nilisimama mlangoni. Nikamwambia nitambebea nusu.

"Nilikuambia umwambie ine," akasema. "Sikusema unibebee." Lakini alipunguza muhogo, akanipa gunia dogo, tukashuka pamoja. Mpaka leo tunashuka pamoja, na magoti yangu yanajua.

Turbini ndogo ilikuja kabla ya kiangazi kilichofuata. Haina sifa yoyote. Ukipita karibu unasikia inavuma kama nyuki, basi. Lakini kiangazi kile, ng'ombe wakinywa, fromaje ikitengenezwa, muhogo ukilowekwa, taa ya materinite haikuzima, na muzalishaji amerudisha telefone yake mfukoni. Kwenye ukuta wa pale injeniere alibandika karatasi nyingine yenye mistari, akaniachia kalamu. Misalaba yangu inapanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Nikiiona imenyooka mara tatu mfululizo, naenda kutafuta nini kimeharibika.

Siku ya kupima siitangazi. Simwambii mtu, hata mke wangu. Siku moja napita kwenye mikalitusi, siku nyingine upande wa makaburi, ili wasijue ninakotokea. Majuzi mchunga ng'ombe aliniona hata hivyo, maana macho yake ni ya mwewe. Akapaza sauti kutoka ng'ambo:

"Muzee, leo tufunge ao tuache?"

Nikamwambia aache. Akaapa kwamba ameacha, mfereji uko wazi tangu asubuhi. Nikamwitikia, nikamshukuru, kisha nikapanda mpaka kwenye mdomo wa mfereji, nikainama, nikatia mkono ndani ya maji.